Migomba Ishirini na Mitatu Gerejini

Nyie watoto, mgomba wa kwenye chungu hauuawi na baridi ya Texas. Unauawa na ninyi wenyewe, kwa huruma zenu. Novemba inaingia, majani yanageuka rangi ya chai, mwenye mgomba anashikwa na kiherehere: maji! mbolea! maji tena! Ikifika Januari shina linanuka kama panya aliyefia ukutani, halafu simu yangu inalia. "Bibi, sijui mgomba wangu umepatwa na nini." Umepatwa na wewe!

Msininunie. Nawafokea kwa sababu kazi hii niliipenda, na hata leo nikiisimulia mikono inatafuta toroli. Niliifanya Arlington kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, magoti yaliponiambia sasa basi. Haikuwa na jina, mimi niliiita kulaza migomba. Watu wanaoishi kwenye apatimenti, Warundi, Wakongo, Wakenya, Watanzania wenzangu, walikuwa na migomba yao kwenye vyungu, wameiweka barazani inawakumbusha kwao. Baridi ikikaribia wananiletea. Naipanga kwenye gereji ya binti yangu Edina, naitunza, mwezi wa nne wanakuja kuichukua ikiwa hai. Darasa nililofika ni la nne, kule Bukoba, tena la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini mgomba niulizeni mimi.

Sikilizeni basi. Mgomba ukiingia ndani, kata majani yote yaliyofunguka, acha lile moja la katikati lililojiviringa. Uweke mahali pasipoganda, lakini pasiwe na joto la kuutia tamaa ya kukua. Gereji inafaa sana. Mbolea, hapana. Maji, kikombe kimoja cha chai, tena siku ambayo chungu kimekuwa chepesi. Kila baada ya siku chache bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, nenda zako. Likibonyea kama ndizi mbivu, chukua kisu, kata vipande vyembamba kushuka chini mpaka ukutane na nyama nyeupe. Hata ukifika karibu na udongo, usilie. Chini kuna tunguu, ile sehemu nene yenye mizizi. Hilo ndilo mgomba wenyewe. Huko juu kote ni nguo tu.

Haya mengine nilizaliwa nayo, mengine nilifundishwa na Tino. Tino alikuwa mzee wa Kimeksiko, tulifanya kazi pamoja miezi michache kwenye kitalu cha miche kule Mansfield, mimi nikiosha vyungu, yeye akihamisha miche. Hatukuwa na lugha moja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, chake cha kuagia. Alinifundisha kwa mikono. Ananishika kiganja, anakipitisha chini ya ukingo wa chungu, ananiinulisha upande mmoja. Kizito: anatikisa kichwa, hapana maji. Chepesi: anaonyesha kikombe. Kitalu kizima walikuwa na vijiti vya kuchomeka udongoni kupima unyevu, sisi wawili tulipima kwa viganja, na migomba yetu ndiyo ilikuwa hai.

Sasa kosa langu la kwanza, cheka mwenye kucheka. Baridi yangu ya kwanza ilikwisha salama, nilikuwa nimebaki na migomba kumi na mmoja. Siku moja ya Aprili, jua zuri, anga safi, nikafungua gereji nikaitoa yote uani saa sita mchana. Tino alikuwa amekuja kunisalimu. Akaanza kupunga mikono, anajifunika kichwa, ananionyesha juu, ananionyesha majani. Nikamwelewa vizuri sana, nikamdharau. Mimi niliyezaliwa migombani, mtu aniambie mgomba unaungua na jua? Jua si ndilo linaloulea!

Saa kumi jioni majani yote yalikuwa meupe kama karatasi ya kufungia nyama. Yameungua. Mgomba uliokaa miezi mitano gizani umesahau jua, nyie, ni kama mtu aliyetoka hospitali halafu unampa jembe. Tino alivua kofia yake akauvika mgomba mmoja kichwani, akaketi kwenye ndoo akacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo najua: wiki ya kwanza kivulini kabisa, ukutani upande usiopigwa na jua. Wiki ya pili jua la asubuhi, kabla watu hawajamaliza chai. Wiki ya tatu hadi mchana. Ndipo uuachie jua lote. Na mkiniona nimesimama uani na shuka nafunika migomba mchana kweupe, msiulize.

Lile la jua nililisahau baada ya wiki. La pili ninalo mpaka leo.

Mwaka 2018 nilijiona nimekuwa bingwa. Nilikuwa na vyungu ishirini na vitatu, nimeviandika namba kwa kalamu ya wino mnene. Nami nikabuni utaratibu wangu mwenyewe. Udongo wa kiangazi umeshikana, unakaa na maji, unaozesha mizizi. Kwa hiyo mgomba ukifika tu, nauchomoa, naukung'uta mizizi, udongo wote wa zamani namwaga kwenye turubai. Nilipomaliza yote nikauchanganya huo udongo na mchanga mkavu na mboji mpya kwa koleo, kama mafundi wanavyochanganya zege, nikajaza vyungu upya. Udongo mwepesi kama unga! Edina alipotoka kazini, ni muuguzi, nikamvuta mkono aje ashike. "Mama, nimechoka," akasema. Nikamwambia, "Shika!" Akashika.

Mwanzoni mwa Desemba akaja Goreth. Goreth ni dada wa Kirundi, anafanya kazi ghalani, anapakia maboksi, mpole, mtu wa kanisa, Kiswahili chake safi kwa sababu alikulia kambini Tanzania. Mgomba wake ulikuwa namba nne. Alikuja na mtoto wake mgongoni, Irakoze, wa miezi saba, shavu hili na hili. Akasema amekuja kuusalimu mgomba. Nikaona jambo la kawaida, wengi walikuja kuisalimu.

Akainama juu ya chungu. Akagusa udongo kwa kidole. Akasimama.

"Bibi, udongo wangu uko wapi?"

"Udongo gani?"

"Niliokuja nao. Humu ndani."

Nami, kwa majivuno yangu yote, nikapitisha mkono juu ya vyungu vyote ishirini na vitatu kama mwenye duka. "Upo humu humu! Nimechanganya wote, nikatia na mpya. Hebu uone ulivyo mwepesi!"

Akakaa chini. Si kwenye kiti, kwenye saruji, na mtoto mgongoni.

"Kitovu cha Irakoze kilikuwa mle," akasema.

Nyie mliozaliwa huku labda hamjui. Kitovu cha mtoto kikikauka kikadondoka, kwetu hakitupwi. Kwao Goreth pia hakitupwi. Kinazikwa shinani mwa mgomba, na mahali pale panakuwa ndipo kwao mtoto. Ukimwuliza mtu mzima kwao ni wapi, anakutajia mahali kitovu chake kilipozikwa. Goreth aliishi apatimenti ya kupanga, hana hata futi moja ya ardhi, leo hapa kesho mkataba umekwisha. Akafikiri akazika kwenye chungu. Akihama, anahama na kwao mtoto. Akili gani ile! Nilivyoielewa nikatamani saruji inimeze.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

Akainua uso. "Nani anabadilisha udongo wa mgomba, Bibi? Wewe si wa Bukoba? Kwenu ulishaona mtu anamwaga udongo wa mgomba?"

Kwetu udongo wa mgomba unaongezewa tu, nyasi, majivu, maganda, miaka na miaka. Haubadilishwi. Kubadilisha nilijifunzia huku, kwenye vyungu, na nikawa mjuaji. Na yeye aliniamini kwa sababu mimi ni mtu wa migomba.

Ndipo akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba yeye alizaliwa njiani, mama yake akikimbia vita, na kitovu chake hakuna anayejua kiliangukia wapi. "Mimi watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nataja kambi," akasema. "Sikutaka huyu naye ataje kambi."

Halafu akasimama, akachukua koleo ukutani. "Tufukue vyote. Tutakiona."

Nikalishika koleo. Nikamwambia, mwanangu, kitu cha ukubwa wa harage kimekaa udongoni tangu Mei, hutakiona. Na mizizi hii nimeisumbua mara moja mwezi uliopita. Tukiisumbua tena leo, Desemba, tunaua yote. Yote! Na hapo hata huo wenye kitovu utakuwa umekufa.

"Basi nifanye nini?"

"Hujui kimo chungu gani, mimi pia sijui. Basi vyote ni vya Irakoze. Tunailaza yote mpaka Aprili, na hakuna hata mmoja utakaokufa."

"Ukifa mmoja?"

"Hautakufa."

"Bibi, ukifa mmoja, moyo wangu utasema ndio huo. Mpaka nazeeka utasema ndio huo."

Nikamwambia tena, hautakufa, na nilipofunga mlango nyuma yake nikavihesabu vyungu upya. Maana niambieni nyie, ni nani aliyewahi kulaza migomba ishirini na mitatu bila kupoteza hata mmoja? Mwaka wa kwanza nilipoteza miwili na nikajisifu!

Basi baridi ile niliishi gerejini. Nilikuwa naamka, nabandika chai, naenda kubonyeza mashina, moja mpaka ishirini na tatu, kidole gumba kikaota sugu. Mkwe wangu Renatus alihamisha gari lake nje, na kila asubuhi alikwangua barafu kwenye kioo cha gari akinitazama dirishani bila kulalamika. Mkwe mzuri yule. Goreth alikuja kila Jumapili baada ya misa, na mtoto, tunabonyeza pamoja. Alikuwa hanichangamkii. Anabonyeza, anahesabu, anaondoka.

Mwezi wa pili barafu ikashuka kweli. Asubuhi moja miti yote ya mtaa imevaa kioo, matawi yanavunjika taa taa taa kama risasi, na umeme ukakatika. Hita ya gerejini kimya. Nikatazama kipimajoto, sindano inateremka. Nikapiga kelele nyumba nzima.

"Tokeni! Tokeni wote! Shika chungu, ingiza ndani!"

Jiko la gesi lilikuwa linawaka, sebule ina joto kidogo. Edina anashika chungu huku amevaa koti juu ya nguo za kulalia, Renatus anabeba viwili viwili, mimi nasimamia kama askari wa gwaride. Sebule ikajaa, koridoni kukajaa, jikoni kukajaa. Mjukuu wangu Neema, ambaye hunijibu Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, siku ile Kiswahili kilimtoka chote: "Bibi! Kuna mti kwenye bafu langu!"

"Oga nao," nikamwambia.

Nikachukua vitenge vyangu vyote, hata vile vya harusi, nikayafunga mashina moja moja. Edina akasimama katikati ya sebule akazunguka. "Mama, hii ni nyumba au ni migombani?" Renatus, ameketi kwenye kochi, jani jipya limemfunika uso, akasema, "Mimi sijambo. Nimepata kivuli." Tukacheka, jamani! Tulicheka na baridi yote ile, moshi unatutoka midomoni.

Umeme ulirudi siku ya pili. Migomba ishirini na miwili, migumu. Namba kumi na saba ilikuwa karibu na mlango. Nikabonyeza, kidole kikazama.

Nikampigia Goreth. Sikumficha. Alikuja na sare ya kazini, hajavua hata viatu vya kazi, akapiga magoti upande wa pili wa chungu. Nikashika kisu.

Nikakata kipande cha kwanza. Kahawia.

"Kata," akasema.

Kahawia. Maji yananuka.

"Kata, Bibi."

Mgomba uliokuwa unanifika kifuani ukawa kiunoni. Ukawa gotini. Kila kipande naweka juu ya gazeti, kila kipande kimeoza. Goreth midomo inatembea, sala sijui, sikumwuliza. Tumebakiza kiasi cha kidole gumba juu ya udongo. Nilikuwa nimeshafumba macho nusu. Nikakata.

Kweupe!

Kweupe kama nazi! Unamwaga utomvu safi! Nilimrukia yule dada shingoni, kisu bado mkononi, Edina akapiga yowe akidhani namchoma. Goreth akacheka. Mara ya kwanza tangu Desemba nikaona meno yake.

Sasa namba kumi na saba ulikuwa wa Baba Shiro. Baba Shiro ni Mkenya wa hapa hapa Arlington, dereva wa lori, mjane, anaishi na binti yake Shiro, mwenyewe ana mdomo mrefu, na mimi huniita Shosho, bibi kwa lugha yao. Alipokuja Aprili akakuta chungu chake kina kisiki cha kidole na chipukizi moja kama sindano.

"Shosho," akaniambia, "nilikuletea mti, unanirudishia kitunguu?"

Nikamwambia akae. Nilikuwa nimewaita wenye migomba wote siku moja, Jumamosi, uani. Goreth akasimama na mtoto kiunoni, akawaeleza mwenyewe. Kwamba ndani ya chungu kimojawapo kuna kitovu cha mwanawe, hatujui kipi, na anaomba kila mmoja autunze wake usife. Hakuomba kingine.

Halafu Mama wa Kikongo mmoja, namba tisa, akafuta macho akasema, "Basi huyu ni wetu sote. Leteni nimbebe." Mtoto akaanza kupita mikononi kama sahani ya pilau. Watu walifurahi, nawaambieni! Mtu ameleta chungu cha kumkumbusha kwao, ameondoka na mtoto.

Isipokuwa Baba Shiro. "Hiyo ni uchawi," akasema. "Mimi ni mtu ya kanisa."

"Na mimi ni mtu wa kanisa," Goreth akamjibu taratibu. "Kitovu si uchawi, Baba. Ni kitovu."

"Mnaniwekea mtoto wa watu kwa ua langu bila kuniuliza?"

Hapo alikuwa na haki, nikamwambia hivyo. Nikamwambia kama hutaki uuache. Akautazama mgomba wake ule, kitunguu chake, akaubeba bila kuaga. Novemba iliyofuata wenzake wote wa hapa Arlington waliirudisha migomba kwangu. Yeye hakuja. Nikimpigia, hata Aprili: "Iko sawa, Shosho. Nimeilaza mwenyewe." Nikimwuliza shina gumu? "Gumu kabisa." Udongo? "Sawa." Mtu anayejibu sawa kila kitu, jua kuna kitu.

Niwaambie na Houston, maana mnachanganya baridi ya kule na ya hapa. Mama Jalia, wa Bukoba kama mimi, namba sita, kiangazi kile walihamia Katy, pembeni mwa Houston. Huko baridi ni fupi, mtu anaweza kuupanda mgomba ardhini. Alimpigia Goreth kwanza kuomba ruhusa, hilo nilimpendea. Kisha akaanza kunitambia: "Dada, huku hatujui gereji!" Nikapanda gari na Renatus, masaa manne na zaidi, nikaenda kumtoa ushamba. Ardhini pia panataka akili. Ukisikia baridi ya kugandisha inakuja, funga majani, zungushia shina wavu, jaza majani makavu kati ya wavu na shina mpaka juu, funika na plastiki ili mvua isiingie. Baridi ikiondoka, fungua upesi, upepo upite, la sivyo unaupikia ndani. Mama Jalia alicheka mgomba wake ulivyovaa. Januari alinipigia anapiga vigelegele: bustani za majirani zimekuwa nyeusi, wa kwake umefunguliwa nguo, mzima!

Basi ikaja 2020. Nyie mnajua kulikuwaje. Aprili watu walikuja kuchukua migomba wakiwa na barakoa, wanafungua buti wenyewe, mimi nimesimama mbali naelekeza kwa fimbo. Mei Irakoze anatimiza miaka miwili. Hakuna kukusanyika, hakuna ukumbi, hakuna pilau. Goreth akaniambia, "Tutasali naye wawili, yatosha."

Yatosha kitu gani! Nikashika simu. Nilipiga siku mbili, sikio likawa moto. Wengi huku walikuwa wanafanya siku za kuzaliwa kwa magari: gari linapita mbele ya nyumba, linapiga honi, linakwenda. Nikasema sawa, tutapita. Lakini kila mtu aje na mgomba wake.

Goreth wakati huo alikuwa amepanga nyumba ndogo, ina kibaraza mbele. Nilikaa pale kwenye kiti tangu saa tatu asubuhi, nimevaa kitenge, nina karatasi yenye namba. Yeye hajui kitu, amemvalisha mtoto shati jeupe, anadhani nimekuja kusali. Saa nne honi ya kwanza.

Jamani! Gari la kwanza limefungua paa, mgomba umetoka nje kama twiga, majani yanapiga makofi. La pili mgomba umetoka dirishani. La tatu pikapu ya Mama wa Kikongo, migomba minne nyuma, wa kwake na wa majirani zake, na wanawake wanaimba kwa sauti ya juu huku wameketi mbalimbali. Majirani Wazungu wakatoka wakasimama kwenye nyasi wanapiga picha, hawajui ni sherehe gani, wanapunga mikono tu. Goreth alishika mdomo. Irakoze anaruka juu chini, anaonyesha kidole, "Tree! Tree! Tree!" Nami natia alama kwenye karatasi, sita, saba, kumi na moja. Mama Jalia akafika kutoka Katy na chipukizi kwenye ndoo. "Mama yake yuko ardhini, hasafiri," akapiga kelele dirishani. "Unanihesabia au hunihesabii?" Nikamwambia nakuhesabia, pita!

Ishirini na moja. Wa Goreth mwenyewe pale kibarazani, ishirini na mbili.

Magari yalikuwa yanazunguka mtaa kurudi mara ya pili. Goreth alikuwa anahesabu pia. Sikujua kama anahesabu, mpaka aliponigeukia akaniuliza taratibu, "Wa nani haujaja?" Nikaangalia karatasi kama vile sijui. Nilikuwa nimempigia yule bwana mara nne, hakushika simu.

Ndipo nikaliona gari lake kwenye msururu, la nne kutoka nyuma, linakuja pole pole kama linakwenda kwa daktari. Halina mgomba juu, halina mgomba dirishani. Likasimama mbele yetu. Kioo kikashuka. Baba Shiro, barakoa imemfika machoni, na kwenye kiti cha pembeni chungu namba kumi na saba, amekifunga mkanda wa gari.

Ndani ya chungu kulikuwa na kisiki kimekatwa hadi kwenye udongo. Pembeni ya kisiki, chipukizi moja, na jani moja lililofunguka, dogo, kama ulimi wa mbuzi.

"Shosho, nilikudanganya," akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama Goreth. "Mwezi ya tatu nilitoa nje mapema, baridi ikarudi. Ikaoza yote. Nikakata kama Shosho alivyosemaga, nikakata, nikakata. Shiro akasema, Baba, tupa. Nikashindwa." Akagusa mkanda wa kile chungu. "Mama, nilishindwa kutupa. Nilikuwa nakaa nayo jikoni, naongea nayo kama mwenda wazimu. Wiki mbili tu ndiyo hiyo imetokea."

Goreth alishuka ngazi na mtoto kiunoni mpaka dirishani, nami nyuma yake. Irakoze akachungulia, akaingiza mkono wake mnene ndani, akalishika lile jani moja kwa ngumi.

"Pole pole, boss!" Baba Shiro akapiga kelele. "Ndiyo hiyo moja tu iko!"

Nyuma yake magari yote yakaanza kupiga honi, migomba inatikisika juu ya mapaa, Mama wa Kikongo anauliza kwa sauti kuna nini huko mbele, twende jamani. Baba Shiro anatazama kioo, anatazama mtoto, mguu uko kwenye breki. "Mwambieni aachie nipite," akasema, lakini hakuliondoa gari. Irakoze akashika kwa nguvu zaidi, anacheka, na sisi watatu tukabaki pale kwenye kelele zote zile, hakuna aliyemtoa mkono.